Malaika Ilipopigwa Salsa

Jamani wasomaji, "Malaika" siyo wimbo wa kurukaruka. Kijana kamzimikia mtoto wa watu, kumuoa anataka, mfukoni hamna kitu. Basi, wimbo wote ndio huo. Mkenya Fadhili William aliurekodi na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, gitaa linakwenda pole pole kama ngalawa isiyo na upepo. (Wapo wanaosema mtunzi ni Mtanzania Adam Salim. Ugomvi huo siuingilii, mwenzenu nina wangu.)

Nina bibie wangu Pangani mjini, mie niko ng'ambo huku, Ushongo. Miaka miwili tunafuatana kwa pantoni. Wiki mbili kabla ya Idi, ami yangu alipeleka posa. Akarudi kimya. Mpaka kamaliza chai ndipo akatema: mahari milioni moja na nusu, na kijana aonyeshe kazi. Kazi! Kwani kuuza pweza mahotelini ni mchezo?

Idi pili usiku, pwani imejaa. Bibie kavuka na dada zake wawili, macho kama polisi. Hoteli moja ilikuwa imeleta kijana wa kinanda. Akagusa "Malaika", moyo ukanilipuka. Ghafla akaigeuza salsa! Watu wakajaa mchangani, wazungu kwa waswahili, wanacheka. Ufukara wangu wanaukatia viuno. Nilitamani kung'oa ule waya wa umeme.

Kumbe mambo hayo yapo duniani. Mmexico Juan Gabriel alitoa "Hasta que te conocí" mwaka 1986, kilio cha mtu ambaye hakujua mateso mpaka alipopenda. Mwaka 1993 Marc Anthony wa New York akautia salsa katika albamu yake ya "Otra Nota", ukawa wa kuchezwa. Maneno ya msiba, miguu ya harusi.

Basi nimesimama nimenuna, bibie akaja akanishika mkono. Mbele ya dada zake! Ingekuwa ile ya Fadhili, asingethubutu, maana wimbo wa taratibu watu wanakutazameni. Salsa kila mtu kashika mtu, nani atauliza? Tukazunguka, mie nakanyaga kama kaa. Anacheka kwa nguvu ili waone anacheka, huku ananisemesha sikioni.

"Sikiliza we. Baba kasema mpaka Maulidi. Baada ya hapo kuna mtu wa Dar."

Tukazunguka tena. Kinanda kikanyamaza, akaniachia mkono, akarudi kwa dada zake anajipepea na kanga.

Huu mwezi wa pili hajavuka. Nimefikisha laki nne na ushee, na bahari imechafuka. Usiku namsikiliza Fadhili kwenye simu, peke yangu. Lakini Jumamosi kinanda kikianza kule hotelini, nasogea mpaka kwenye uzio.