Vijana Niliowaachisha Kazi Changamwe

Niliwaachisha kazi vijana wawili walioijua kazi yangu kuliko mimi. Kila nilipoulizwa, nilisema ni amri ya serikali iliyonilazimisha. Nilisema uongo.

Hali ilikuwa ngumu, hilo ni kweli. Agosti 2019 iliamriwa kwamba makontena ya Nairobi na bara yapande reli ya SGR, yakatolewe forodhani Embakasi, Nairobi. Hapa Mombasa, Changamwe na Miritini zikapoa. Malori yaliegeshwa, vibanda vya chakula vikafungwa, watu wakaandamana. Wateja wetu walikuwa mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Tuliwauzia programu ya kufuatilia makontena, yenye kuwaonya siku za bure zikikaribia kwisha, kabla ada za kuchelewa hazijaanza kuhesabiwa. Mizigo ikipungua kwao, kwetu malipo hukauka.

Mmoja wa vijana hao, binti wa Kisauni, aliniletea wazo wiki zile zile. Wakala aliyeko Mombasa, alisema, sasa hajui kontena lake limepanda behewa lini wala limeshushwa Embakasi saa ngapi. Tumwonyeshe, atalipa. Nikamuuliza litagharimu kiasi gani. Sikumuuliza litaingiza kiasi gani. Nikalifungia wazo hilo kwenye droo, nikatafuta kikundi cha watengeneza programu ng'ambo, wa kulipwa kwa saa. Mishahara upande huu, bili ya saa upande ule; bili ilikuwa ndogo, nikaona nimemaliza hesabu. Sikuwauliza vijana wangu hata kama wangekubali nusu mshahara kwa muda.

Kijana wa pili, wa Likoni, alisema jambo moja tu: "Bosi, hao hawajawahi kusimama getini." Nikamjibu kwamba hata M-Pesa iliandikwa Uingereza. Jibu hilo nililipenda sana, na ndilo linaloniumiza leo. Ni kweli kampuni ya Sagentia ya Cambridge ndiyo iliyotengeneza mitambo ya mwanzo ya M-Pesa, iliyozinduliwa 2007. Lakini kabla ya hapo yalifanywa majaribio Nairobi na Thika, na wateja waliopewa huduma ya kulipia mikopo midogo wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa karibu nao waliliona hilo, na huduma ikajengwa upya kulifuata. Mimi niliwatoa wale waliokuwa karibu na wateja, kisha nikajilinganisha na M-Pesa.

Kosa lilijitokeza kwenye siku zenyewe. Bandari ina siku zake za bure, na mwenye meli ana zake kwa kontena lake. Hizi ni hesabu mbili, kila moja na mwanzo wake. Mzigo wa Kampala au Bujumbura nao hauhesabiwi kama wa hapa nyumbani. Vijana wangu walikuwa wakiyarekebisha haya kila ada zilipobadilika, kwa sababu walikunywa chai na makarani wa yadi. Hakuna aliyeyaandika. Maelekezo ya ng'ambo niliyaandika mimi, na sikuyaweka humo kwa kuwa sikuyajua. Wale wa ng'ambo walitekeleza nilichowaagiza, tena kwa uangalifu, siwalaumu. Programu iliyofanyiwa marekebisho ikahesabu siku mara moja badala ya mara mbili. Mawakala wakaamini wana muda, wakatozwa. Mmoja wao alilipa kwa fedha aliyoiweka kwa karo ya wanawe. Alikuja ofisini, akakaa, akanieleza bila kupandisha sauti. Wengine waliondoka kimya kimya.

Amri ile ilibatilishwa na Mahakama Kuu ya Mombasa Novemba 2020, na Septemba 2022 Rais Ruto, siku aliyoapishwa, akatangaza kwamba utoaji wa mizigo unarudi Mombasa. Makontena yalirudi Changamwe. Wateja wangu hawakurudi.

Binti wa Kisauni sasa anaifanyia kazi kampuni ya Ulaya akiwa nyumbani kwake Mtopanga. Kwa hiyo na yeye ni mtu wa ng'ambo kwa wenzake wa kule, ila wao humwita kwenye kikao kabla ya kuamua watengeneze nini. Nilimpigia nikamwomba radhi, na nikamtajia lile wazo lake la mabehewa. Akaniuliza kama wakala yule wa karo nimemrudishia pesa zake. Bado, nimemlipa sehemu.