Usukani Hautetemeki Bure

Nimezaliwa delta ya Rufiji, upande wa Salale, ambako mtoto anajua kupiga kasia kabla hajapanda gari. Wazee wangu walikuwa watu wa kamba na mikoko, na injini ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya boti inayokwenda Nyamisati. Shule ya msingi ilipokwisha nilipanda Kibiti kujifunza umakanika kwa mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu, na huko ndiko nilikozeekea. Mengine ya utoto yanafanana na ya wenzangu wote wa visiwani, kwa hiyo nayaacha. Sasa kwa kuwa mgongo umenilazimisha kuweka spana chini, na yule aliyenifundisha hayupo tena wa kujitetea, nataka kulisema jambo moja alilolipigania na ambalo vijana wa leo wanalipuuza. Gari lililopata ajali, likanyooshwa bodi na kupigwa rangi, kisha usukani ukatetemeka barabarani, ni gari ambalo kazi yake haijaisha. Kosa liko mahali fulani kati ya tairi na sehemu ya bodi inaposhikiwa saspensheni, na linatafutwa kwa mpangilio, kuanzia nje kwenda ndani, bila kuruka hatua.

Zamani ugonjwa huu ulikuwepo, ila haukuwa na mahali pa kujionyesha. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari la kwenda Lindi na Mtwara lilisubiri kivuko pale Ndundu, na njia yenyewe ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Gari lililonyooshwa ovyo lilijikongoja humo, na mtikisiko wake ukamezwa na mtikisiko wa njia. Lami ilipokuja, gari lilelile likaanza kukimbizwa, na siri zikatoka. Hesabu yake si ngumu. Tairi ya 175/65 ya rimu ya inchi 14 ina mzingo wa karibu mita 1.83, kwa hiyo kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa inazunguka kama mara 15 kila sekunde. Gramu 20 tu zikizidi upande mmoja wa ukingo wa rimu, zinavuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo tatu na ushei, na mvuto huo unazunguka na gurudumu mara hizo 15 kwa sekunde. Shusha mwendo hadi 50, na nguvu hiyo haibaki nusu, inabaki robo. Ndiyo maana fundi anayejaribu gari kwa kuzunguka stendi ya Kibiti anarudi akiapa kwamba limepona, na mwenye gari anaugundua ukweli akiwa keshapita Bungu.

Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mwenye gari ni linatetemeka wakati gani. Likianza kwenye 80 na kuendelea, kisha likatulia ukipunguza mwendo, shuku magurudumu ya mbele. Likitetemeka pale tu unapokanyaga breki, angalia diski. Likitetemeka ukikanyaga mafuta na kutulia ukiachia, fuata shafti zinazopeleka nguvu magurudumuni, hasa jointi za ndani, kwa kuwa kishindo cha ubavuni hupenya hadi huko. Mtetemo ukisikika kwenye kiti kuliko mikononi, nenda nyuma. Na kwa zile Noah za awali zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, usiisahau propela. Usukani ukicheza hata kwenye mwendo wa kutambaa, rimu imepinda au tairi imekatika nyuzi kwa ndani na kufanya nundu. Jaribio lisilogharimu kitu ni kuhamisha magurudumu ya mbele kwenda nyuma: mtetemo ukihama kutoka mikononi kwenda kwenye kiti, kosa limehama na gurudumu. Na kabla ya yote hayo, huku kwetu, chungulia ndani ya rimu. Tope la bonde la Rufiji likikauka mle linashika kama saruji, na bonge la kiganja kimoja lina uzito kushinda risasi zote za kusawazisha alizobandika fundi wa balansi. Masika ya mwaka 2024, mafuriko yalipofunika Rufiji na Kibiti, somo hilo lilipaswa kueleweka kwa kila mtu: gari lioshwe kwanza, lipimwe baadaye.

Mzee wetu hakuwa na mashine. Alikuwa na msumari mrefu uliofungwa kwenye kigogo, na kipande cha chaki. Gari lilipandishwa jeki na kuegeshwa imara, ncha ya msumari ikasogezwa kwenye ukingo wa rimu mpaka ibaki nafasi ya unene wa njiti ya kiberiti, kisha gurudumu likazungushwa kwa mkono, polepole. Nafasi ikibana mahali na kupanuka kwingine, rimu haiendi sawa, na chaki ilipigwa pale inapobana zaidi. Mafundi wengi huishia hapo na kuilaani rimu. Yeye alifungua nati, akaigeuza rimu nusu mzunguko juu ya habu ileile, akaifunga na kuizungusha tena. Kama bado panabana kwenye chaki, kosa ni la rimu. Kama sasa panabana upande wa pili wa ile chaki, kosa limebaki kwenye habu, na rimu mpya ingenunuliwa bure. Kwa gari la nati tano hakuna nusu kamili, hivyo unasogeza matundu mawili na kusoma vilevile. Wapo walioiita mbinu hii ushamba, na hoja yao moja ina uzito: habu inaweza kuharibu mambo kwa kuyumba sehemu ndogo sana ya milimita, na jicho halioni hapo. Nakubali, na anayeweza kununua saa ya kupimia na ainunue. Lakini msumari unaonyesha kosa liko wapi, saa inaonyesha ni kiasi gani. Anayenunua saa bila kujua kuigeuza rimu amenunua namba tu.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni kwamba mashine ya balansi imeandika sifuri, kwa hiyo gurudumu halina kosa. Mashine inapima uzito umegawanyikaje. Gurudumu lenye nundu linaweza kuwekewa risasi hadi lisome sifuri, na bado likaruka kila nundu inapogusa lami. Zaidi ya hayo, mashine inalishika gurudumu kwa shafti yake yenyewe, wakati kwenye gari linakaa juu ya habu ambayo huenda imepinda, au imeachwa na rangi na kutu usoni, au rimu imefungwa kwa nati zisizo zake. Rimu nyingi za aloi za Toyota za zamani zinataka nati yenye shingo na washa bapa, ilhali rimu ya chuma inataka nati yenye kichwa cha pia. Ukizichanganya, rimu haikai katikati. Pingamizi la pili ni karatasi ya alaimenti, kwamba kila kitu ni kijani. Alaimenti inapima pembe gari likiwa limesimama, na pembe ya miguu inarekebishika kwa kuzungusha tairodi hata kama mkono wa saspensheni umepinda. Lala chini ya gari utazame nyuzi za tairodi zilizobaki nje, kushoto na kulia. Zikipishana sana, kuna mtu amerekebisha ili kufunika. Chukua futi, pima kimshazari kutoka boliti ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo vikikataa kulingana, bodi yenyewe imesogea, na hakuna risasi ya kuliponya hilo.

Lililotugawa mafundi wa njia hii ya Lindi na Mtwara lilikuwa moto. Kulikuwa na gereji, na sina haja ya kuzitaja, zilizochoma mkono wa saspensheni kwa gesi hadi uwe mwekundu, zikaugonga nyundo ukanyooka, zikaupaka rangi nyeusi na kuurudisha. Mzee alikataa, wakasema anafukuza wateja. Hoja yao ilikuwa kwamba mteja wa Kibiti ana bima ndogo, ambayo haimlipii gari lake mwenyewe, na hana hela ya kifaa kipya. Ni kweli hana. Lakini chuma cha aina hiyo kimepewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa, na moto usiopimwa unauondoa; kinachorudi kwenye gari kina umbo la zamani bila nguvu ya zamani, na ufa mahali kilipokunjwa hauonekani chini ya rangi. Bati la mlango lichome, linyooshe, hakuna atakayekufa. Mkono unaoshika gurudumu ukikatika juu ya Daraja la Mkapa, urefu wake wa mita 970 hautakupa pa kukimbilia. Kifaa cha mtumba kutoka Ilala, kilichotolewa kwenye gari ambalo halikugongwa upande huo, ni nafuu kuliko gesi, nyundo na jozi ya tairi zitakazolika upande ndani ya muda mfupi. Mzee hakuwafukuza wateja. Alikataa kuwauzia kitu ambacho yeye mwenyewe asingekipanda.

Vijana wanaotoka VETA wanajua kusoma kompyuta kuliko tulivyojua sisi, na hilo ni jema. Kinachonikera ni desturi ya kuhesabu kazi imekwisha rangi ikikauka. Fundi bodi analipwa na kuondoka, fundi wa chini anaitwa baadaye kana kwamba mtetemo ni jambo jipya, na mwenye gari analipa mara mbili kwa ajali moja. Mwanzo wa ngoma ni lele: mtetemo mdogo wa leo unakula beringi, unalegeza jointi, na baada ya miezi hakuna anayeweza kusema kilichoanza ni kipi. Kwa hiyo mwenye gari ashike fungu la mwisho la malipo mpaka gari lijaribiwe kwenye lami iliyonyooka nje ya vijiji, kwa mwendo halali, mafundi wote wawili wakiwa ndani. Fundi anayeikataa safari hiyo ameshakujibu kuhusu kazi yake.