Bibi na Mashine ya Mayai

Mtu akiniuliza umeme uliingia lini Matembwe, kijiji chetu cha Njombe, natamani kumjibu kwa habari za kuku. Taa nazikumbuka, lakini taa zilikuwa jambo la jioni. Ninachokisikia mpaka leo ni mlio wa mamia ya vifaranga ndani ya jengo moja, mwezi wa Julai, na nje umande umeganda juu ya majani.

Ilikuwa miaka ya 1980. Njombe ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Iringa. Bwawa la Kidatu lilikuwa limeshajengwa, megawati 204, ila umeme wake haukuwa na habari na sisi. Mafuta ya taa tuliyapangia foleni, na kuna majuma hayakupatikana kabisa. Ndipo Waitalia wa shirika la CEFA, pamoja na kijiji, walipoanza kuuzungumzia mto wetu kama chanzo cha umeme.

Nilikuwa na miaka 16. Siku za msaragambo tulibeba mawe kichwani. Fundi mmoja alichora udongoni kwa kijiti, akatueleza kuwa nguvu inatokana na wingi wa maji na kimo yanachoanguka. Kisha akasema neno lililonikaa: mto haulali. Mkiwasha taa tu, alisema, mtautumia mpaka saa nne usiku. Baada ya hapo maji yatapita bure, na mashine ikiharibika pesa ya kuitengeneza itatoka wapi?

Kwa hiyo umeme ulitafutiwa kazi. Ikaundwa kampuni ya kijiji, ikawa na usagaji, chakula cha kuku na kituo cha kutotolesha vifaranga. Yai linataka joto la nyuzi 37 na nusu, usiku na mchana, kwa siku 21. Kuku wa kienyeji akilalia mayai kumi na mawili amefika mwisho wake. Mashine ililalia mamia kwa pamoja, na mto ukapata kazi ya usiku. Mkulima aliyezoea kuuza gunia la mahindi kwa bei ya kupangiwa sasa aliona mahindi yakisagwa karibu na kwake, yakawa chakula cha kuku.

Vifaranga wangu wa kwanza walikuwa 50. Niliwanunua kwa pesa ambazo bibi alizipata kwa kuuza ulanzi. Nyumba yetu ilikuwa ng'ambo ya bonde, waya haukufika, hivyo niliwawekea jiko la mkaa. Usiku wa tatu likazimika nimelala. Asubuhi niliwakuta wamelundikana kona moja. Walibaki saba.

Nililia sana. Lakini wale saba walikua, wakataga, na kwa mayai yao nilinunua daftari na sabuni. Miaka mingi umeme haukufika nyumbani kwetu, lakini kazi yake ilikwisha fika. Ndiyo maana wageni waliokuja kuuliza ni nyumba ngapi zina taa niliwaona wanahesabu nusu. Hawakumhesabu kijana aliyefunga boksi la vifaranga nyuma ya baiskeli akashika njia ya Lupembe. Hawakumhesabu mama mjane aliyekuwa na trei tatu za mayai kila juma. Nyumbani kwa hao wawili kulikuwa na koroboi.

Nilipoomba pesa mara ya pili, bibi alikataa mpaka aione hiyo mashine kwa macho yake. Tulivuka bonde asubuhi, yeye na fimbo yake. Akawasalimu wafanyakazi, "Kamwene," akajitanda vizuri, akaingia. Ilikuwa siku ya 21. Maganda yalikuwa yakipasuka mbele yetu, vifaranga wanatoka wamelowa.

"Mama yao yuko wapi?" akauliza.

Nilimwonyesha dirishani waya unaoshuka bondeni kuelekea mtoni. Akautazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua fundo la kanga yake akauliza kifaranga mmoja ni shilingi ngapi.