Mzabibu uliokaribia kupotea

Tukifundisha Italia darasani, watoto wanaijua Roma. Leo tuwaletee Timorasso, zabibu nyeupe ya vilima vya Tortona, huko Piemonte. Wakulima waliing'oa karibu yote, maana haina mavuno ya uhakika: mwaka huu vikapu vinajaa, mwaka ujao ni haba. Wakapanda Cortese na Barbera. Walter Massa, mkulima wa kijiji cha Monleale, akaitunza mizabibu iliyobaki, na mwaka 1987 akatoa divai yake ya kwanza ya Timorasso. Sasa majirani zake wanaipanda tena.

Nasi, tunapoacha maharagwe ya bibi zetu kwa mbegu ya sokoni yenye kuzaa sana, tuyabakizie walau mstari mmoja shambani. Yakiisha, tutayatoa wapi?