Baiskeli Nayo Ina Mwenyewe



Ifikapo Oktoba, sisi watu wa Mara huwapokea kwa vigelegele waendesha baiskeli wa msafara wa Twende Butiama. Msafara huo, ulioanza mwaka 2019, hutoka Dar es Salaam na kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi kijiji alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Ni heshima njema. Lakini wageni wakishaondoka, barabara hubaki na waendesha baiskeli wake wa siku zote: mchuuzi aliyefunga tenga la samaki kwenye keria akitokea mwalo wa Mwigobero, mkulima apelekaye mihogo sokoni Bunda, mwanafunzi aendaye shule Butiama. Hao hawapigiwi vigelegele. Hupigiwa honi, wakashuka vumbini.

Kabla pikipiki hazijaenea, baiskeli ndiyo iliyokuwa teksi ya mtu wa kawaida mjini Musoma. Bodaboda zimewachukua abiria hao na kujipatia vijiwe vyao. Magari yana maegesho. Baiskeli huegemezwa popote, na popote hufukuzwa.

Inawezekana kutenda vinginevyo. Jijini Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza kazi Mei 2016, ilitengewa pia njia za baiskeli. Pikipiki huziingilia, ni kweli. Hata hivyo, aliyezichora alikumbuka kwamba mwenye baiskeli naye yupo.

Kujenga barabara ni kazi ya serikali, nasi hatuna budi kuwakumbusha madiwani wetu. Maegesho, lakini, yamo ndani ya uwezo wetu. Tutazame viwanja vya makanisa yetu siku ya Dominika: magari yako kivulini, baiskeli ziko juani, zimelaliana ukutani, na wenyewe wanasali huku sikio moja liko nje. Baiskeli ya mchuuzi ikiibwa, kilichoibwa ni chakula cha watoto wake. Mtume Yakobo aliwaonya waamini wasimkalishe mwenye pete ya dhahabu pazuri, na maskini wakamwacha asimame. Onyo hilo halikomei kwenye mabenchi.

Gharama si kubwa. Bomba la chuma likikunjwa mfano wa mlango na miguu yake kuzikwa kwenye zege, baiskeli mbili husimama, moja kila upande. Fremu ndiyo ifungwe kwa mnyororo, si gurudumu la mbele peke yake, maana gurudumu hufunguliwa likabaki na kufuli. Nafasi ya gari moja hutosha baiskeli zipatazo kumi. Mafundi wa kuchomelea tunao; kivuli cha miti tunacho.

Basi, jumuiya ndogondogo zilizungumze jambo hili wiki hii, na kamati ya ujenzi ipokee maoni yao. Anayefika kwa miguu miwili na magurudumu mawili naye aonekane kuwa alitarajiwa.