Merikebu Ipi Tuizamie?

Mpwa wangu, ambaye riziki yake i katika mji wa Muscat, na ambaye kila apatapo mapumziko huyatumia kwa kuzama baharini na mtungi wa hewa mgongoni, alinijia Bukoba katika likizo yake na shauri moja: kwamba mimi na yeye, kwa kuwa na mimi nilijifunza uzamiaji huo kule Unguja katika umri ambao wenzangu walikuwa wakichagua mikongojo, tufunge safari ya starehe kwenda kuzamia merikebu iliyozama, na kwamba kabla ya kuzipeleka fedha zetu katika bahari za mbali tulitazame kwanza ziwa lililotulea, huenda nalo likawa na cha kutuonyesha. Shauri lilinipendeza kwa sababu mbili: ya kwanza kwamba kijana aishiye ughaibuni akirejea kwao na kutaka kukijua kilicho kwao hustahili kuitikiwa, na ya pili kwamba nilikuwa nimekwisha kuchoka kukaa barazani.

Nilimwuliza ni merikebu ya namna gani aitamaniyo. “Mjomba,” akasema, “kule kwetu Omani, mwaka 2003, serikali iliichukua meli kuukuu ya jeshi la majini iitwayo Al Munassir, yenye urefu wa mita 84, ikaizamisha kwa makusudi karibu na Bandar Khayran, penye kina cha mita 30 hivi, ili samaki wapate maskani na wazamiaji wapate pa kutembea. Hata Wakenya walikwisha kufanya hivyo mwaka mmoja kabla yao, walipoizamisha Dania mkabala wa Bamburi. Lakini hizo ni merikebu zilizozamishwa kwa hati na mihuri. Mimi nataka iliyozama yenyewe, yenye habari.” Maneno hayo ya mwisho, “yenye habari”, niliyahifadhi kichwani, kwani nilijua kwamba kabla hatujafika Muleba habari yenyewe ingetukabili njiani.

Tulianza mjini. Kutoka bandarini tulifuata ufuko kuelekea Nyamukazi, kisiwa cha Musira kikiwa mbele yetu na majabali yake, nami nikimsimulia mambo ya Juni 1915, Waingereza walipovuka ziwa kutoka Kisumu kwa vyombo vyao, wakaupiga mji huu uliokuwa mikononi mwa Wadachi kwa siku mbili, tarehe 22 na 23, wakauangusha mlingoti wa simu ya upepo, wakapora walichokuta, kisha wakapanda tena vyomboni wakarejea walikotoka. Na miongoni mwao alikuwamo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa tembo, ambaye kwa umri wake wa miaka 63 angalistahili kuachwa nyumbani. Kijana alisikiliza kwa tamaa, akitaraji kwamba mwisho wa kisa ingetokea merikebu ya vita imelala chini ya maji mbele yetu, na ilinibidi kumwambia kwamba merikebu zilizoleta vita hiyo ziliondoka zikielea.

Wavuvi wa Nyamukazi, tulipowaeleza kwamba twataka kuzama ziwani kwa anasa, walitutazama kwa upole ule ambao watu humtazamia mgonjwa asiyejijua. Si watu wa kuogopa maji hao. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar es Salaam na watu 43 ilipoanguka ziwani karibu kabisa na kiwanja chetu, wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kuifikia kwa mitumbwi yao, na katika watu wale 24 waliokolewa na 19 wakafa. Mtu aliyewahi kushika mlango wa ndege majini haoni sababu ya mwenziwe kulipa fedha ili aingie chini ya maji hayohayo, na mimi sikuwa na hoja ya kumjibu ila kumwuliza habari za maji yenyewe.

Habari hizo hazikuwa njema, na hapa yafaa nikae kidogo, maana wengi wapendao kuchagua mahali pa kuzamia hutazama picha ya chombo kilichozama wakasahau kuuliza juu ya maji yaliyokifunika. Kwa upande mmoja ziwa lina fadhila kuliko bahari: maji baridi hayana wale wadudu watoboao mbao za vyombo, wala hayana chumvi ya kuharakisha kutu, kwa hiyo chombo kilichozama humo hudumu na umbo lake kwa muda mrefu zaidi. Lakini fadhila hiyo haina faida kwa asiyeona. Karibu na pwani zetu, penye udongo uletwao na mito, na uchafu wa miji, na mimea midogo iyageuzayo maji kuwa kijani, mzamiaji aweza kunyoosha mkono asivione vidole vyake. Kuna kichocho, ambacho vijidudu vyake hutoka katika konokono wa kandokando vikapenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi lolote; dawa yake, prazikwanteli, ipo na ni nafuu, lakini si zawadi ya kurudi nayo kutoka likizoni. Kuna viboko na mamba, ambao sitasema mengi juu yao, maana kila mtu anawajua.

Na liko jambo la nne, ambalo mpwa wangu, kwa uhodari wake wote wa bahari ya Omani, hakuwa amelifikiri. Uso wa ziwa letu uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ina uzito upatao sehemu 88 tu katika kila 100 za hewa ya pwani. Mzamiaji avutapo hewa ya mtungi penye kina, naitrojeni huingia katika damu na nyama zake, na apandapo lazima itoke polepole, la sivyo hufanya mapovu mwilini yawezayo kumpooza au kumwua; sasa, kadiri hewa ya juu ilivyo nyepesi, ndivyo mapovu hayo yanavyopata upenyo. Kwa sababu hiyo majedwali ya muda na kina yaliyotungwa kwa ajili ya bahari hayatumiki Bukoba bila kusahihishwa, na mtu aliyezama asubuhi katika ghuba yetu kisha akapanda gari adhuhuri kwenda milima ya Kamachumu kula matoke kwa dada yake amejiongezea hatari kwa kupanda mlima tu. Kijana alinyamaza. Halafu akatoa saa yake ya kuzamia, akaanza kuibonyeza kutafuta mahali pa kuirekebisha.

Tulifika Kemondo jua likiwa limepanda. Ni bandari ndogo, kusini ya mji, na zamani ilikuwa ndiyo njia ya ndizi na kahawa zetu kwenda Mwanza. Gatini tulimkuta mzee aliyekuwa kuli katika enzi hizo, mtu mwenye mabega mapana hata sasa, nasi tukamwamkia, akaitikia, akatukaribisha kivulini. Mpwa wangu hakupoteza muda. Alikuwa amekwisha kusoma kwamba Mv Bukoba ililala penye kina cha mita zipatazo 25, na kwa vipimo vya fani yake hicho ni kina kinachofaa sana: si kifupi hata mtu achoke kwa udogo wa mambo, wala si kirefu hata pahitajike hewa ya mchanganyiko maalumu. Akamweleza mzee haya yote kwa adabu, akiyaita maziara.

Sina budi kuwakumbusha vijana kisa chenyewe, japo wenyeji wa Kagera hawahitaji kukumbushwa. Meli ile, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuwa na nafasi ya abiria 430, iliondoka Bukoba usiku wa tarehe 20 Mei 1996, ikapita hapa Kemondo kuongeza watu na shehena, na asubuhi ya Jumanne tarehe 21, hali Mwanza inakaribia, ikalala ubavu kisha ikapinduka. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, ambamo ndimo walimojaa watu wetu, halikuwa na orodha. Chombo kilibaki kimeelea kifudifudi, na watu walikuwa hai ndani yake wakigonga mabamba. Ikatobolewa tundu ili watolewe, na hewa iliyokuwa imekishikilia ikatoka, nacho kikazama. Hesabu itajwayo mara nyingi ni ya watu waliozidi 800, na wako wakadiriao 1,000. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, wazamiaji walikuja hata kutoka jeshi la majini la Afrika Kusini, wengi walizikwa Igoma, na wengine hawakutolewa kamwe.

Mzee alimsikiliza kijana mpaka mwisho bila kuonyesha hasira, kisha akanigeukia mimi. “Mwalimu,” akasema, “mimi simkatazi mtu kuingia majini, maji ni ya Mungu. Wale askari waliokuja kutoa maiti niliwaombea dua. Naomba kujua kitu kimoja tu: hicho kiingilio mtamlipa nani?”

“Hulipwa mwenye boti, mzee,” mpwa wangu akajibu.

“Kumbe mwenye boti ndiye aliyefiwa?”

Tuliaga muda si mrefu baadaye. Garini, tukipita Muhutwe, kijana alianza kujitetea, na utetezi wake haukuwa wa kipumbavu. Alinitajia Salem Express, meli ya Misri iliyogonga mwamba karibu na Safaga mnamo Desemba 1991 ikirudi kutoka Jeddah na mahujaji na wafanyakazi, ikazama na mamia ya watu, na ambayo leo wazamiaji wa Ulaya huiendea kwa makundi, ingawa baadhi ya viongozi wao hukataa kuingia ndani yake. Alinitajia Yongala ya Australia, iliyopotea mwaka 1911 na watu wake wote 122, nayo sasa ni mojawapo ya mahali pa kuzamia panaposifiwa zaidi duniani. Kama hao waruhusiwa, akauliza, sisi tuna nini? Nilimwambia kwamba mifano yake miwili haifanani. Waliowalilia wasafiri wa Yongala wamekwisha kufuata njia yao, ila wa Salem Express wako hai, na wengine huenda wanakunywa kahawa pale pale Safaga wakiiona boti ya watalii ikitoka. Mkataba wa Unesco wa mwaka 2001 juu ya urithi ulio chini ya maji huanza kukihesabu kitu kuwa urithi kikisha kukaa majini miaka 100, na ingawa waliouandika walikuwa na sababu zao za kisheria, mimi naona kipimo hicho kina ubinadamu: miaka 100 ndiyo takriban muda ambao huzuni huhitaji ili iwe tarikhi. Mv Bukoba bado ni msiba. Mtu aweza kuiendea kwa kazi au kwa ibada, lakini si kwa likizo.

Muleba tulishuka hadi mwaloni, ng’ambo vikionekana visiwa vya wilaya hiyo, na Bumbire kikiwa kikubwa kuliko vyote, tukawauliza wavuvi wa dagaa waliokuwa wakisafisha karabai zao kama yako mabaki yoyote ya chombo cha zamani. Wakacheka. Mitumbwi izamayo kwa dhoruba ni mingi, walisema, lakini mashine hufuatwa na kupandishwa, na mbao zibakizo hazina wa kuzitazama. Hilo likatumalizia habari za ziwa.

Usiku ule, Kamachumu, kwa dada yangu, tuliweka bahari ya Tanzania mbele yetu. Königsberg ya Wadachi, iliyokufa Rufiji tarehe 11 Julai 1915, tuliiacha mara moja kwa sababu ya tope. Pegasus ya Waingereza, ambayo Königsberg hiyohiyo iliishambulia bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914 ikiwa inatengenezwa mitambo yake, ilituvuta zaidi, maana mabaharia wake walizikwa nchi kavu katika kisiwa cha Chapwani na kwa hiyo majini hayumo mtu wa kuudhiwa; lakini iliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu mwaka 1955, na kilichobaki ni vipande. Ndipo nilipomtajia Great Northern, merikebu ya kutandaza nyaya za simu, iliyojengwa mwaka 1870 na kukwama juu ya mwamba wa Fawatu, mkabala wa Mji Mkongwe, mwishoni mwa mwaka 1902. Iko penye kina cha mita 12 hivi, yaani pima sita na ushei, mwanga wafika, matumbawe yameuvaa mwili wake, na habari anayoitaka mpwa wangu anaipata kamili: Unguja iliunganishwa na Aden kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1879, na tangu hapo habari za soko la karafuu na za siasa za Sultani ziliweza kufika London kabla jahazi halijatoka bandarini.

“Mita 12 ni za watoto, mjomba,” akasema.

“Na mimi ni mzee,” nikamjibu, “kwa hiyo tutakutana katikati.”

Tukaafikiana Februari, kaskazi ikiwa imetulia na masika bado, tuanze na Great Northern, kisha yeye ashuke peke yake na kiongozi penye vina virefu zaidi huku mimi nikimsubiri chomboni. Kwa kuwa Bukoba ni ya juu, na ndege ndiyo ya juu zaidi, baada ya kuzama mara ya mwisho tutakaa saa 18 kamili bila kupaa, nazo tutazitumia kwenda Chapwani. Dada yangu, aliyekuwa akimenya ndizi muda wote huo bila kusema neno, aliuliza gharama ni kiasi gani, akatajiwa, akauliza tena kama kwa fedha hiyo merikebu yenyewe haiwezi kupandishwa juu ikatazamwa na watu wote, na mpwa wangu akaingia katika maelezo marefu ya maboya na winchi ambayo hayakwisha mpaka chakula kilipoiva.