Safari ya Kigali: Kila Mche na Chungu Chake

Mwezi huu tunawaletea habari za safari yetu ya Kigali. Hatukwenda ofisini wala hospitalini. Sisi mama watano tulikwenda kujifunza kuhamisha miche ya okidi, yale maua ambayo wazee wetu waliyaona juu ya miti huko Masisi.

Tulichagua Jumamosi ya pili. Ya mwisho hapana, maana asubuhi yake ni umuganda. Tulishuka Karongi mjini alfajiri, vitambulisho mfukoni, gari likatupitisha Muhanga, tukavuka Nyabarongo, tukafika Nyabugogo. Mnapajua Nyabugogo: kelele, mizigo, kila mtu anakuvuta kwenye gari lake. Kutoka pale tukapanda basi la mjini hadi upande wa Kicukiro, kwenye pepinyeri anakofanya kazi binti mmoja aliyezaliwa hapa kambini.

Tuseme ukweli, tulikuwa na aibu kidogo. Mwaka jana binti huyo alituletea mche mmoja. Tuliupanda kwenye kopo la mafuta, tukajaza udongo mweusi na mbolea, tukamwagilia kila asubuhi kama mchicha. Baada ya wiki chache ulioza. Tulipomweleza alicheka, akasema: "Mama zangu, mlimzamisha! Huyu hali udongo. Mizizi yake inataka hewa."

Basi akatufundisha. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina chakula ndani yake. Msituni inangoja kuvu fulani iilishe, ndiyo iote. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba inaweza kuota chupani bila kuvu, ikilishwa sukari. Miche ikitoka chupani inakaa pamoja katika chombo kimoja, halafu ikibanana, kila mmoja unapewa chungu chake.

Kazi yenyewe ni hii. Loweka miche kwanza ili mizizi ilegee, kisha itenganishe kwa vidole, polepole. Mzizi mweupe au wa kijani ulio mgumu uache. Uliokuwa kahawia na laini ukate, na wembe upitishe motoni kabla ya kugusa mche mwingine, usije ukahamisha ugonjwa. Chungu kiwe kidogo, mizizi ienee tu, na chini kiwe na matundu. Kikubwa kinatunza maji mengi, mizizi inaoza. Weka vipande vya vigae chini, halafu vipande vya maganda ya mti vilivyochanganywa na makaa yaliyooshwa vumbi. Shina lisifukiwe. Kisha weka kivulini, siku chache za kwanza nyunyizia majani kidogo tu, mpaka vidonda vya mizizi vikauke.

Mwenzetu mmoja, ambaye kijana wake mkubwa amehamia Kigali kutafuta kazi, aliuliza: "Sasa mbona mnaitenganisha? Si ilikuwa inalindana?" Binti akajibu kwamba ikibanana, wenye nguvu unakula, wadogo wanakonda. Lakini vyungu havitawanywi. Vinapangwa karibu karibu, majani yatunziane unyevu. Mama yule hakusema neno, akaendelea kupanga vyungu.

Halafu tukauliza, maua lini? Okidi nyingi zinachukua miaka 4 hadi 7 tangu mbegu. Hapo tukanyamaza wote. Miaka minne! Sisi tutakuwa wapi? Tupande kitu cha miaka mahali ambapo tunasema kila siku kwamba tunapita tu?

Mzee mmoja wa kwetu tulimwuliza swali hilo tuliporudi. Alisema mwaka 1996, walipofika Kiziba, hakutaka kupanda hata mti wa kivuli. Alihesabu miezi. Watoto wake wamekuwa wakubwa, wajukuu wamezaliwa, na jua bado linampiga mlangoni. "Pandeni," alisema. "Mkiondoka, jirani atamwagilia."

Tulirudi na miche minne. Leo ni miezi mitatu: mmoja umekufa, watatu wametoa mizizi mipya yenye ncha za kijani. Iko kwenye makopo yaliyotobolewa, upande wa nyumba usiopigwa na upepo, maana mnaujua upepo wa mlima huu. Yule mama kijana wake alipokuja kumsalimia alimpa mche mmoja, akaubeba kwenda Kigali. Tulimwambia asiuweke peke yake dirishani, atafute na maua mengine ya kuuweka nao.

Neno moja kwa vijana: mkipita msitu wa Nyungwe, ambao ni hifadhi ya taifa tangu 2004, okidi mtaziona juu ya miti. Ziacheni hapo. Ikitolewa kwenye mti wake, mara nyingi inakufa tu. Za kwetu zitoke pepinyeri.

Anayetaka kujifunza aje kwetu Jumapili mchana, alete kopo na msumari wa kutoboa. Hadi mwezi ujao, kaeni na amani.